Begi la safari ndefu: anza na mzigo

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja kwenye kibanda changu hapa Tandika. Mkononi ana begi la mgongoni, jipya, kubwa, karatasi za dukani bado zimo ndani.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Nataka uniongezee mfuko hapa ubavuni. Vitu havienei.”

Nikamuuliza safari ni ya wapi. Akasema anaanza na Zambia, halafu Botswana, mpaka Cape Town, miezi mitano kwa mabasi na treni. Begi lenyewe ni la lita 75. Nikamwambia mfuko nitashona akitaka, ila kwanza aniletee vitu vyenyewe anavyotaka kubeba. Begi aliache nyumbani.

Kesho yake akashuka kwenye bajaji na begi la shangazi kaja limejaa mpaka zipu imegoma. Tukatandika mkeka, tukamwaga kila kitu. Suruali za jinzi tano. Viatu jozi nne. Pasi ya umeme. Taulo mbili nene. Chupa ya losheni ya lita nzima. Blanketi. Sisi tulianzia hapo mkekani, na ndipo ninapotaka nawe uanzie, kabla hujatoa shilingi yako dukani. Watu wengi wananunua begi kwanza, ndipo wanatafuta vya kutia ndani. Begi likiwa na nafasi utaijaza tu, na hiyo nafasi utatembea nayo mgongoni miezi yote.

Mimi kazi yangu ni kushona na kutengeneza mabegi, mwaka wa kumi na sita sasa. Mwaka 2017 nilisafiri mwenyewe miezi minne: treni ya TAZARA kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, nikaenda kwa dada yangu Lusaka, nikashuka Livingstone, nikarudi kwa njia ya Chipata na Lilongwe, kisha nikafuata Ziwa Nyasa mpaka Kyela. Nilikuwa na begi moja. Haya ninayoandika nimeyapata kwenye safari hiyo, na kwenye mabegi ya watu yanayoletwa kwangu yameshachanika.

Nguo beba za wiki moja, hata kama safari ni ya mwaka mzima. Maji na sabuni ya mche utavipata kila mahali, kwa hiyo utafua. Suruali mbili za kitambaa chepesi, au sketi mbili, fulana nne, nguo za ndani za siku sita, soksi jozi tatu, sweta moja zito, koti la mvua. Viatu ni vile ulivyovaa mguuni, na ndala ndani ya begi. Jinzi ukiipenda sana beba moja na uivae siku ya kuondoka, kwa sababu moja tu inapita nusu kilo, na ukiifua Mbeya mwezi Juni inaweza kukesha kambani usiku wa pili bado mbichi kwenye pindo.

Taulo nene iache. Beba kanga. Hili nalisema kwa moyo wote, hata kwa wanaume wenzangu wanaoona aibu. Upande mmoja wa kanga ya mama yangu ulinifaa kuliko kitu chochote nilichobeba: nilijifutia maji baada ya kuoga, nikatandika kwenye kitanda ambacho shuka lake sikuliamini, nikaning'iniza mbele ya kitanda cha treni ili taa isinipige machoni, nikafungia mikate, na siku jua lilipokuwa kali nikajifunika kichwani. Ukiianika juani, baada ya muda mfupi imekauka. Ukiikunja inatosha kiganjani. Dada anayesafiri abebe doti nzima, maana kuna miji atakayotaka kujifunga na kujitanda.

Binti yule alibishana nami kuhusu pasi. Nikamwomba aiweke pembeni tuendelee, tutairudia. Tulipomaliza hakuitaka tena.

Vitu vikishachambuliwa, vipime. Mabegi yanauzwa kwa lita, na mtu akiambiwa lita 45 haoni picha yoyote. Lakini ndoo ya lita 20 kila nyumba ya Dar inayo. Panga vitu vyako kwenye ndoo, uvibane kwa mkono kama utakavyovibana safarini. Vikijaa ndoo mbili, unahitaji begi la lita 40 au 45. Ndoo mbili na nusu, lita 50 hadi 55. Vikiingia ndoo ya tatu, rudi kwenye mkeka. Labda uwe unabeba hema na jiko, hapo sawa.

Halafu uzito. Nenda kwa muuza viazi au muuza nyama, mwombe mzani. Kipimo ninachokitumia ni kwamba mzigo wote, pamoja na begi lenyewe na maji ya kunywa, usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 60 mwisho wake ni kilo 12. Hapo kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, na begi zuri lenye vyuma vya mgongoni linaweza kuwa na kilo moja na nusu mpaka mbili likiwa tupu. Kwa hiyo vitu vyenyewe visizidi kilo tisa. Binti alikuja na kilo 21. Aliondoka na kilo 8 na robo.

Sasa ndiyo nenda kanunue begi. Ukitaka jipya, zunguka Kariakoo. Mimi huwapeleka watu kwenye mitumba ya Karume, pale Ilala, asubuhi, wakati mabelo yanafunguliwa. Begi la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya wapanda milima mara nyingi linazidi jipya la bei ileile, mradi ulikague. Na hapa kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: beba ule mzigo wako uliokwisha upima, utie kwenye kiroba, uende nao sokoni. Begi likiwa tupu kila moja ni zuri mgongoni. Mwambie muuzaji, “Kaka, nataka kununua kweli, naomba nilijaribu na mzigo.” Wengi wanakubali. Jaza, vaa, tembea dakika kumi kwenye vile vichochoro, ukipishana na watu. Mabega yatakupa jibu mapema.

Kabla ya kuvaa, mwombe mtu akupime mgongo kwa futi ya fundi nguo. Inamisha kichwa, chini ya shingo kuna mfupa unachomoza, futi inaanzia hapo. Kisha jishike kiunoni, mikono ikae juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee nyuma. Mstari unaounganisha vidole gumba ndio mwisho wa kipimo. Mimi nina sentimita 47. Pima na begi: kutoka mikanda ya mabega inaposhonewa mpaka katikati ya mkanda wa kiunoni. Tofauti ya sentimita mbili tatu utairekebisha kwa mikanda. Ikifika kumi, liache hata kama bei ni ya kutupa. Usikadirie kwa urefu wa mtu, maana nimewapima watu wafupi wenye mgongo mrefu kuliko wangu.

Uzito haubebwi na mabega. Legeza mikanda yote, vaa, kisha funga kwanza mkanda wa kiunoni, ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukaze. Usikae tumboni. Halafu kaza ya mabega mpaka iguse tu. Kuna vimikanda vidogo juu ya bega vinavyovuta begi likusogelee, vivute kidogo. Mwisho ule wa kifuani. Ukiwa umefunga sawasawa utaweza kupitisha kidole chini ya mkanda wa bega bila shida, na mguu ndio utakaosikia mzigo. Begi lisilo na mkanda wa kiunoni wenye sponji ni la shule na kazini. Kwa miezi mitano usilichukue.

Kukagua ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza pale mkanda wa bega unapoingia kwenye mwili wa begi, juu. Katika kila mabegi kumi yanayoletwa kwangu, saba au nane yamekatikia hapo. Bana begi katikati ya magoti, shika mkanda kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu, na macho yako yawe kwenye mshono. Ukiona matundu ya sindano yanafunguka na mwanga unapita, kitambaa kimeanza kuliwa. Mshono mzuri hapo ni wa mraba wenye msalaba ndani, au ule uliorudiwa mara nyingi mpaka unaonekana kama kijiti kidogo cha uzi. Mstari mmoja tu ulionyooka hautafika Tunduma.

Chomoa kipande kidogo cha uzi kilichoachwa ndani, ukiguse na kiberiti. Uzi wa plastiki, yaani nailoni au poliesta, unayeyuka na kuacha kijitone kigumu. Ukiwaka na kuacha majivu, ni wa pamba. Pamba inaoza kwa jasho, na joto letu la Dar unalijua. Begi la uzi wa pamba ninaweza kulishona upya, lakini gharama hiyo uihesabu kwenye bei.

Zipu usiifungue mara moja ukaridhika. Fungua na kufunga mara kumi, hasa kwenye kona. Nyuma ya kichwa cha zipu mara nyingi kuna namba: 5 ni ya mifuko midogo, na mlango mkubwa wa begi unataka 8 au 10. Zipu ikifungwa halafu meno yakaachana nyuma yake, mara nyingi meno hayana kosa, ni kichwa kimepanuka kwa kuchakaa. Koleo inakirudisha: bana kidogo upande mmoja, kisha mwingine, jaribu, bana tena. Fanya taratibu maana kikivunjika ndiyo basi. Zipu ngumu isugue na mshumaa.

Kisha ingiza kichwa ndani ya begi, unuse. Kitambaa kile upande wa ndani kina utando mwembamba unaozuia maji. Begi likikaa miaka stoo, joto na unyevu huuozesha utando huo. Unatoa harufu ya uchachu, unanata vidoleni, halafu unabanduka vipande vipande na kushika kila nguo. Hilo sina dawa yake. Nimewaambia watu wengi ukweli huo huku begi wameshalilipia, na inaniuma kila mara. Minya pia sponji ya mkanda. Ikitoa sauti kama ya biskuti, ndani imekuwa unga. Klipu za plastiki zipinde kwa kidole gumba. Iliyopauka kwa jua itakatika, lakini hiyo inabadilishwa kwa bei ndogo, isikutie hofu.

Nitakwambia nilivyojifunza kupanga. Nilipanda TAZARA mwezi Julai. Jioni ya Dar, jasho, nikaona sweta ni kitu cha mbele ya safari, nikalizika chini kabisa. Usiku treni ikaanza kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, kwenye yale mahandaki na madaraja, na baridi ikaingia behewani kama maji. Tulikuwa sita katika chumba cha daraja la pili, begi langu liko chini ya mizigo ya wenzangu, watu wamelala. Sikuweza kulitoa bila kuamsha kila mtu. Nilikaa macho mpaka alfajiri nimejifunga ile kanga, meno yanagongana.

Kwa hiyo sweta linakaa juu. Juu kabisa ya begi weka vile ambavyo ukivihitaji huna muda wa kutafuta: sweta, koti la mvua, chakula cha njiani, karatasi za chooni. Chini weka vya kulalia na nguo za akiba. Vizito, kama dawa, chaja, vitabu, chupa za mafuta, vikae katikati na vibanane na mgongo wako. Vikikaa nje, mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma na utajikuta umeinama kama unapanda mlima hata barabara ikiwa tambarare. Viepesi vizungukie nje. Linganisha kulia na kushoto. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ubavu mmoja peke yake inatosha kukupindisha.

Vitu vidogo vitie kwenye vimfuko. Mimi nashona vimfuko kwa kitambaa cha miavuli iliyovunjika. Ni chepesi, kinakauka upesi, na mwavuli mmoja unatoa vitatu au vinne. Tumia rangi tofauti: chekundu nguo za ndani, cheusi chaja na nyaya, cha maua dawa. Usiku gizani kwenye nyumba ya wageni iliyokatikiwa umeme, mkono utajua wapi pa kwenda. Nguo zikunje kwa kuviringisha kama jamvi, ubane hewa itoke.

Mvua ni jambo la ndani ya begi, si la nje. Lile koti la begi linalofunika juu husaidia kwenye manyunyu, lakini maji hupita mgongoni, na upepo hulivua. Tafuta nailoni ya ndani ya kiroba cha sukari cha kilo 50. Muulize mwenye duka la jumla, nyingi hutupwa. Ioshe, ikaushe, itandaze ndani ya begi kama bitana, panga nguo humo, kisha sokota mdomo na uukunje mara tatu. Nilikwenda Mosi-oa-Tunya, Maporomoko ya Victoria, ule mvuke wake ukaninyeshea kama masika ya mwezi Aprili. Begi lilikuwa likichuruzika. Nguo zilikuwa kavu.

Kiroba chenyewe nacho usikiache. Ukifika Kituo cha Magufuli pale Mbezi, mzigo unaingia kwenye buti la basi, na huko vijana hawana muda: wanavuta begi kwa mkanda wowote ulio karibu, na juu yake linakuja gunia, ndoo ya dagaa, tairi. Mikanda inakatika hapo kuliko mgongoni. Tia begi zima ndani ya kiroba kikubwa, funga mdomo kwa kamba, andika jina na namba ya simu kwa kalamu nene. Haliingii vumbi, halina mkanda wa kuvutwa, na kwa macho ya mwizi ni mzigo wa mahindi. Mwisho wa safari kunja kiroba, kinakaa bapa mgongoni mwa begi.

Vya thamani haviingii humo kabisa. Paspoti, pesa, simu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vinakaa kwenye kimfuko cha shingoni chini ya shati. Kadi hiyo usiitupe kwa kudhani imeisha muda: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linatambua chanjo moja kuwa ya maisha. Pesa zigawe sehemu tatu. Pawabenki ukipanda ndege inakwenda nawe ndani, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina kama 74, kwa hiyo inapita. Losheni na shampuu mimina kwenye chupa za mililita 100, ndicho kipimo cha kawaida cha mzigo wa mkononi kwenye ndege na hata kwa basi zinatosha. Plagi zetu za pini tatu zinaingia Zambia na Malawi. Ukifika Afrika Kusini utahitaji adapta. Chandarua beba chepesi, na kamba yake.

Siku tatu kabla ya kuondoka, jaza begi kama siku yenyewe, maji yakiwemo, uvae viatu vya safari, utembee saa moja. Binti alitoka kwangu Tandika mpaka Mtoni Mtongani akarudi. Nyonga zikiuma kidogo ni sawa, zitazoea. Vidole vya mkono vikifa ganzi, mikanda ya mabega imekaza mno au begi si la mgongo wako. Ukirudi, angalia ni kitu gani njiani ulijuta kukibeba. Kitoe siku hiyohiyo.

Kitu cha mwisho nilichompa ni sindano mbili kubwa na mita tano za uzi wa viatu uliopakwa nta, nimeuzungushia kipande cha penseli. Nikamweka chini nikamfundisha. Mkanda ukichomoka, usipite palepale kwenye matundu ya zamani. Ingia sentimita moja ndani, kwenye kitambaa kizima, na kama hakipo weka kiraka cha jinzi nyuma yake. Chora mraba kwa sabuni. Choma sindano itoke mbele, rudi nusu hatua nyuma, toka tena mbele, hivyo mpaka uzunguke mraba wote, kisha vuka kona kwa kona. Kila baada ya pigo tatu vuta uzi mpaka uzame. Mwisho funga mafundo mawili ndani, kata, choma ncha na kiberiti iyeyuke.

Alishona mkanda wa begi bovu lililokuwa kibandani, ilimchukua kama nusu saa, vidole vimekuwa vyekundu. Tukalining'iniza begi kwenye msumari kwa mkanda ule, ndani tukaweka ndoo ya lita 20 imejaa maji. Tukanywa chai. Tuliporudi lilikuwa palepale, na mshono haujasogea. Akazungusha uzi uliobaki kwenye penseli yake, akautia mfuko wa juu, pamoja na sweta.